Wasifu wa Fundi Mlio, Aliyeitwa Mwizi wa Sarafu

Ndugu, majirani, ninyi mliokuja kwa kumpenda na ninyi mliokuja kwa kutumwa: tunayemzika leo ni baba yangu. Mimi ni binti yake wa kwanza. Wajomba wameniomba nisome kwa upole. Nitajitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1952, mtoto wa tatu wa dereva wa treni na mama aliyefua mashuka ya hospitali. Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya stesheni, akamaliza mwaka 1966. Sekondari hakuiona, kwa sababu babu, yule dereva, alikuwa mgonjwa wa kitandani na nyumbani hakukuwa na kitu. Akapelekwa kwa mjomba wake, fundi redio, akaanza kazi kwa kufagia vipande vya waya chini ya meza.

Mwaka 1975 alifungua kibanda chake mkabala na soko. Redio ikimshinda yeye, mwenyewe ulijua ni ya kutupwa. Kila mteja alirudishiwa redio yake pamoja na kile kifaa kilichoungua, kimefungwa kwenye gazeti. "Chukua na maiti yako," alikuwa akisema, "usije ukasema nimekuibia."

Tarehe 6 Oktoba 1979 alimuoa mama yetu, fundi cherehani, aliyekuwa amempelekea pasi itengenezwe. Pasi ile ilichukua wiki tatu kupona, na mama anasema mpaka leo hajui ilikuwa inaumwa nini. Walijaliwa watoto wanne.

Macho yalipopungua nguvu akafunga kibanda. Lakini masikio yalikuwa mazima, na mikono haikujua kukaa bure. Akazungusha waya wa shaba kwenye sinia kuukuu, akalifunga kwenye mpini wa ufagio, akavaa hedifoni, akawa na mashine ya kutafutia vyuma vilivyofukiwa. Kila asubuhi alikwenda nayo bustani ya mji. Watu wakambatiza Fundi Mlio. Mama yeye alisema, "Nimeletewa mke mwenza uzeeni. Anapiga kelele, ila angalau hali chakula."

Hakuingia kwa kunyemelea. Alimwomba ruhusa meneja wa bustani, nami nilikuwepo. Meneja alicheka akasema, "Pita tu, mzee. Utatusaidia kuokota visoda vya chupa." Akaokota visoda, misumari, funguo, na mara mojamoja sarafu ya zamani iliyolika hata sura haionekani. Hizo alizipanga dirishani, akawasimulia wajukuu habari za mifuko iliyotoboka.

Agosti 2021 upepo uling'oa mti mkubwa karibu na chemchemi ya bustani. Baba alipopitisha mashine kwenye shimo, ikalia bila kukatika. Akafukua kwa vidole, akakuta chungu kilichopasuka kimejaa sarafu za kale. Angeweza kuzitia mfukoni, kwani hapakuwa na mtu. Akavua kofia, akazifunika, akamwita mlinzi, akasema, "Kamwite meneja. Nimekuta kitu cha watu wote."

Meneja alikuja na askari, na ile ruhusa yake hakuitaja. Mbele ya wapita njia, baba yangu alifungwa pingu. Mashine yake ilikanyagwa mpaka ikavunjika, naye akiangalia. Alilala rumande kwa kosa la kuchimba mali ya umma. Kesi haikufika popote, wakamwachia bila kumwambia hata pole. Lakini neno mwizi likitoka halirudi mdomoni. Wateja wake wa zamani walimwona wakavuka barabara. Baadhi yenu mko hapa.

Mwaka uliofuata sarafu zile zikawekwa ndani ya kabati la kioo kwenye ukumbi wa manispaa. Nilimpeleka akazione. Akasoma kibao polepole, kidole kikifuata herufi: "Zimegunduliwa na uongozi wa bustani." Nilitaka kupasua kioo kile. Yeye alinishika mkono. "Sifa wabaki nazo," akasema. "Mimi waseme tu kwamba sikuiba."

Aliwafuata kwa hilo moja. Alikaa kwenye benchi la korido ya ofisi yao, shati limepigwa pasi, akaambiwa njoo kesho, akaenda kesho. Mara ya mwisho meneja alimpita akifunga mlango: "Mzee, hayo si yalishapita?" Baba alisimama amjibu, ulimi ukakataa. Kilikuwa kiharusi. Alianguka hapo hapo koridoni. Alilazwa, upande wa kulia ukafa, na maneno hayakumrudia tena. Alifariki Jumanne, tarehe 9 Mei 2023, mama akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu saba, na dada yake mmoja.

Yanayofuata hayamo kwenye ratiba mliyoshika. Asubuhi hii manispaa imeleta shada la maua, limeandikwa "Kwa rafiki wa bustani yetu." Mama amelitoa nje ya geti kwa mikono yake mwenyewe. Na Bwana Meneja yupo, mstari wa pili, amevaa miwani ya jua. Karibu, bwana. Kaburi bado liko wazi, na wale waliomwona akifungwa pingu wako hapa. Sema neno moja tu: hakuiba. Kipaza sauti hiki hapa, nakiacha mezani.

Baba, wewe lala, umechoka. Sisi tumekaa, tunamngoja.