Tharcisse Sibomana, Aliyepima Nafasi za Pamba Bugarama

Ndugu, majirani, nanyi mliovuka mpaka kuja kumzika: mzee wetu Tharcisse Sibomana alizaliwa Nzahaha tarehe 3 Machi 1941, mtoto wa nne wa Mzee Habimana na Mama Nyirabagenzi.

Alisoma shule ya msingi kwa mapadri, kisha kilimo kwa miaka miwili Bukavu, akamaliza mwaka 1962.

Mwaka 1964 alipewa kazi ya kusimamia majaribio ya pamba Bugarama. Kuanzia 1967 hadi 1970 alipanda mashamba mawili kandokando, moja mche kila sentimita ishirini, jingine kila hamsini. Aliamini kwamba mche wenye nafasi hupata jua hadi chini, vitumba vyake haviozi, na nyuzi hutoka ndefu na safi. Kuhusu nyuzi hakukosea. Mizani nayo ilimwonyesha kwamba hata kwa uzito shamba la nafasi lilishinda kila mwaka. Basi mwaka 1971 aliwaagiza wakulima wapunguze miche.

Rafiki yake, Mzee Ntabaza, aling'oa zaidi ya nusu ya miche yake, akamwambia, "Tharcisse, sasa batoto bataweza kucheza mpira humu ndani." Walicheka wote wawili. Lakini mavuno ya Ntabaza yalipungua miaka mitatu mfululizo, na marehemu akamwambia mbele ya watu kwamba ni uvivu wa kupalilia. Ntabaza aliacha shamba, akaenda Bukavu kubeba mizigo. Hawakusemezana tena. Baadaye pamba yenyewe iliachwa, bonde likapandwa mpunga.

Marehemu alimwoa mama yetu, Mukamurenzi, tarehe 16 Julai 1966. Mama ndiye aliyeongoza wanawake waliochuma pamba ya majaribio. Kila jioni ya kupima, baba alirudi nyumbani akisimulia kilo, na mama alijua kwa uso wake kama amefurahi, kabla hajasema.

Mwaka 2009 baba alianza kuugua figo. Mwezi Juni 2010, mama alimwambia, alipokuwa akimlisha uji: "Papa Honorine, ile pamba ya nafasi nilikuwa naiongezaka na ya shamba lingine kabla ya kupima. Sikupenda kukuona na huzuni."

Baba aliuliza ni mwaka gani.

"Miaka yote," mama alisema.

Mama mwenyewe ametuomba tuyasome haya.

Marehemu aliomba apelekwe kwa Ntabaza. Tulimjibu kwamba Ntabaza alizikwa Bukavu mwaka 2004. Tangu siku hiyo alikula kidogo sana, na hakutaka kusikia habari za shamba lolote. Alifariki tarehe 14 Agosti 2010, saa tatu asubuhi. Aliacha agizo moja, kwamba siku ya kuzikwa kwake watu waambiwe Ntabaza hakuwa mvivu. Tulituma habari kwa watoto wake. Hawakuja. Tunasema hivyohivyo: Ntabaza hakuwa mvivu.

Ameacha mke, watoto watatu, Honorine, Marguerite na Munyaneza, na wajukuu kumi na mmoja.

Mungu ampe pumziko ambalo sisi hatukuweza kumpa.