Abiria wa Kumi na Moja

Fundi cherehani alikuwa ametulia zake kwenye basi la viti arobaini, gauni la bibi harusi mapajani, kondakta alipomwinamia kwa adabu zote. "Mama, nakuomba ushuke."

"Nishuke? Nauli si nimeshakupa!"

"Umenipa, mama, ila wewe ni wa kumi na moja. Serikali inatupa ruzuku kwa sababu njia hii haina abiria. Mkizidi kumi, ruzuku inakatwa na basi linaondolewa."

"Kwa hiyo tukilipanda linakufa, tusipolipanda linaishi?"

"Umeelewa kuliko bosi wangu."

"Basi bebeni magunia, mwanangu. Mimi sishuki. Gauni hili lina mtu analililia huko." Na fundi huyu akishasema sishuki, hata mumewe hukubali yaishe.

Kituo cha mbele, mkaguzi wa ruzuku alikuwa anapunga mkono. Kondakta alipomwona, akili ikamjia. Akamvisha fundi kofia yake, akamtundikia mkoba wa tiketi shingoni, yeye akajitupa kwenye kiti cha fundi na kulikumbatia gauni. "Kuanzia sasa kondakta ni wewe!"

Basi likasimama. Mkaguzi akapanda, akahesabu vichwa kwa kidole, taratibu kama anayechambua mchele, akaishia kwa yule aliyekumbatia gauni. "Kumi na moja."

Fundi akaiweka kofia sawa, akanyoosha kiganja. "Na huyu, mzee, hata nauli hajalipa."