Hadidja Musafiri na Nyota Iliyokataa Kuitwa Marehemu

Baada ya miaka thelathini na sita ya kufundisha fizikia katika chuo chetu cha ualimu hapa Kindu, Chef de Travaux Hadidja Musafiri, cheo kilicho chini ya profesa, anastaafu tarehe 31 Julai 2025. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Ferdinand wa kemia, niandike wasifu huu kwa kuwa tumegawana chumba kimoja cha walimu na birika moja la chai muda wote huo. Wamenionya nisizidishe sifa. Wangemjua vizuri wasingehangaika, maana sifa zikizidi yeye hutoka chumbani.

Alizaliwa Kibombo kwa wakulima wa mpunga, akasomea Kindu kwa shangazi yake, akaajiriwa mwaka 1989. Wengi wetu tulichagua fani zenye kugusika. Yeye alichagua nyota za nyutroni. Nitazieleza kama alivyonieleza mimi, mtu mgumu wa kuelewa. Nyota kubwa ikiishiwa na moto, kiini chake hujiangukia chenyewe na kushindiliwa, hata upana wake ukawa mwendo wa baiskeli wa asubuhi moja, na bado uzito wake unalipita jua. Baadhi ya nyota hizo zina nyota jirani, nazo humnyonya jirani gesi yake. Gesi ikirundikana, hulipuka na kutoa mionzi ya X, ndugu ya ile rayon X ya hospitalini. Hewa yetu huizuia mionzi hiyo, kwa hiyo ni satelaiti tu zinazoiona. Jambo hilo lilimfurahisha sana Mama Hadidja: mtaalamu wa Ulaya akitoka nje na kutazama juu, haoni kitu, sawasawa na mtu wa Kindu.

Wanafunzi, kwa kuwa nyota ile imekwisha kufa, walizoea kuiita marehemu. Mwalimu wao hakukubali hata siku moja. "Marehemu gani anakulaka?" aliwauliza kila mwaka, maana nyota hiyo bado inakula gesi ya jirani, na kila mwaka darasa lilicheka upya.

Mwaka 1996 alianza masomo ya shahada ya udaktari Kinshasa. Swali lake lilikuwa moja, juu ya nyota moja: ikila zaidi, je, milipuko yake hukaribiana? Aliamini kwamba ndivyo, lakini vipimo vya kuthibitisha vilikuwa bado havijatosha. Julai 1998 alikuja nyumbani na sanduku dogo kwa arusi ya mdogo wake Aziza. Agosti vita ikaanza, Oktoba mji ukaangukia mikononi mwa waasi. Ndege za Kinshasa zikakatika, treni ikalala. Aziza akaolewa, dada yake akanaswa.

Akarudi darasani. Mwaka 2002 mji ulipozingirwa na wapiganaji waliowapinga waasi, na watu wakaogopa kwenda mashambani, tulikula matembele mpaka nayo yakawa ya kutafuta. Chaki iliisha, akaandika ukutani kwa makaa. Mimi niliona ni wazimu kuwafundisha nyota watu wenye njaa, na nilimwambia hivyo. Akaniuliza kama kemia yangu inashibisha.

Simu zilipofika mjini, kitu cha kwanza alichofanya ni kupiga kwa idara yake Kinshasa. Katibu alimjibu kwa Kifaransa kizuri kwamba Hadidja Musafiri alifariki vitani, walikwisha kumsimamia dakika moja ya kimya, na si vizuri kumtania mtu aliyekufa. Kisha akakata. Nafasi yake ilikuwa imefungwa, na profesa aliyemsimamia alikuwa amekwenda zake ng'ambo. Mama Hadidja alirudi chumba cha walimu, akakaa, akasema: "Kumbe mie njo marehemu. Basi muniongeze mukati," akisogeza sahani yake kwenye mkate wa chai. Tulicheka hadi chai ikamwagika. Baadaye nilimkuta nyuma ya maktaba akilia peke yake, nikageuka, nikaenda kuchemsha birika upya.

Yapo na ya kuchekesha tu. Redio ya mjini iliwahi kutangaza kwamba Mama Hadidja atazungumza juu ya rayon X na nyota. Kesho yake wagonjwa walijipanga mlangoni mwa chuo. Bibi mmoja alimwambia: "Mama, nasikia uko na mashini inaona mpaka ku nyota. Hii goti yangu njo itakushinda?" Mama Hadidja hakumcheka. Alimpakia kwenye pikipiki, akampeleka hospitali, akangoja naye mpaka goti likapigwa picha.

Intaneti ilipopata nguvu kidogo hapa kwetu, msaidizi wake Déborah aligundua kwamba vipimo vya satelaiti viko wazi kwa yeyote. Walivishusha kwa simu, vipande kwa vipande. Vilikuwemo vya mwaka 2002, miezi ileile ya mzingiro. Sisi tulipokuwa tunatafuta majani, nyota yake ilikuwa inashiba kuliko wakati wowote, na milipuko yake ilikaribiana jinsi alivyosema. Alikuwa sahihi.

Wiki chache baadaye Déborah alikuta makala ya watu wengine yenye jibu hilohilo. Ilichapishwa zamani, Kindu ikiwa bado imefungwa. Jibu lililokwisha kutolewa halimpi mtu udaktari. Mimi nilikasirika, na hasira hiyo bado ninayo. Yeye aliisoma makala yote, akawasifu walioiandika, akaenda kufundisha.

Kamati iliandika "Profesa" mbele ya jina lake katika programu hii ya sherehe, kwa heshima. Aliomba neno hilo litolewe, nasi tumelitoa.

Katika somo lake la mwisho aliwaeleza wanafunzi hesabu yote, akataja majina ya waliotangulia kuichapisha. Mmoja akamuuliza kama haimuumi kuona wengine wamechukua nyota yake. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikamsikia akijibu polepole: "Nyota haina mwenyewe, mutoto wangu. Ile miaka njo ilikuwa yangu."

Mama Hadidja, chuo kinakushukuru, na mimi nakushukuru kwa kila kikombe cha chai. Miaka ile hatuna uwezo wa kukurudishia. Tunakuombea mingine, mirefu na yenye amani, na safari hii mtu asikunyang'anye hata mwaka mmoja.