Godoro la Baba

Acha mbachao hata kama hakuna msala upitao, maadamu unamkaba mwanao. Hivyo ndivyo mama mmoja, mpishi wa shule, alivyomwambia mzee aliyeketi naye kwenye treni ya asubuhi. Mzee alikuwa fundi magodoro mstaafu, na alikuwa ametoka kusikia kwamba godoro zima la pamba limechomwa moto.

"Binti yangu, hata kumpa jirani?"

"Jirani naye ana watoto, mzee wangu."

Babake mama huyo ndiye aliyelishona. Bado alimwona akilini, uani akiipiga pamba kwa fimbo, nyusi nyeupe kama za babu ilhali kijana, na wao watoto wakilirukia lundo mpaka mama yao atoke na mwiko. Usingizi wa godoro lile hakuupata tena popote.

"Lilinukia jua," alisema.

"Hata yangu yalinukia jua," mzee akacheka, mpaka kikohozi cha kazi kikamshika.

Lakini vumbi la godoro lile liliamsha pumu ya mtoto wake, na pampu ya dawa, iliyotolewa bure zahanatini zamani, sasa hupanda bei kila akienda dukani. Bei hakuiweza. Godoro aliliweza.

"Na ndugu zako wanasemaje?"

"Kaka yangu amesusa. Anataka nimwangukie mbele ya ukoo, eti nimemzika baba mara ya pili."

Treni ikafunga breki. Mama akabeba kikapu chake.

"Jana mwanangu amelala mpaka kumekucha bila kuitafuta pampu. Simwombi mtu radhi."