Drusilla Nyanchera, Aliyeuguza Akiwa Nyuma ya Shuka

Mchungaji, wazee wetu, wafanyakazi wenza wa marehemu kutoka hospitalini, na nyinyi nyote mlioacha majani chai shambani ili mje kutushika mkono, mimi ni Beverlyne, dada mdogo wa Ronny, kwa hiyo wifi ya marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, nami nitajikaza nifike mwisho.

Drusilla Nyanchera alizaliwa tarehe 14 Aprili 1979 huko Manga, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Onsongo na Mama Bathsheba, ambaye tuko naye hapa. Alisoma shule ya msingi huko huko Manga, akaenda Sironga kwa sekondari, akamaliza mwaka wa 1997, kisha akasomea stashahada ya uuguzi mjini Kisii kuanzia 1999 hadi 2002, akaajiriwa katika wadi ya watu wazima, ambako alijulikana kuwa mtu mpole asiyevumilia upuuzi, hasa upuuzi wa jamaa wanaomletea mgonjwa wa kisukari soda.

Tarehe 19 Desemba 2004 alifunga ndoa na kaka yangu Ronny Ogeto katika kanisa letu la Waadventista hapa Masimba, na Mungu akawajalia watoto wawili, Sheila mwaka wa 2006 na Walter mwaka wa 2010.

Mwezi wa Septemba 2022, akiwa na miaka arobaini na mitatu, alirudi darasani Nairobi kusomea shahada ya uzamili ili awe muuguzi bingwa wa watu wazima na wazee, nasi tulimcheka, tukamwuliza kama anasomea wazee ama anasomea kuzeeka. Alituacha tucheke, kwa sababu alikuwa amechoka kupokea wazee wetu wakiwa na vidonda vya kulala kitandani, vidonda ambavyo havingetokea kama wangegeuzwa na kuoshwa nyumbani. Kazi yake ya vitendo ilikuwa kufundisha familia za huku kwetu kuwauguza wazee wao, na hapo ndipo alipokosea, kwani alifuata vitabu, akawafundisha mabinti na wake za wana, wakaitikia vizuri, wakampikia chai, halafu hakuna aliyemgusa mzee. Wageni wetu waelewe kwamba sisi Abagusii tuna chinsoni, ile heshima isiyomruhusu mtoto wala mke wa mwana kuona mwili wa mzazi ama kuingia anakolala, na Drusilla, mzaliwa wa Manga, aliisahau huko Nairobi. Mhadhiri wake alimwambia wazi kwamba bila wagonjwa waliopata nafuu hakuna shahada.

Januari 2024 baba yetu, Mzee Ogeto, alipatwa na kiharusi, na kufikia Pasaka alikuwa na kidonda nyongani ambacho harufu yake ilifika sebuleni, naye alikataa katakata kurudishwa hospitalini. Ronny alimsihi mkewe aingie tu, akimkumbusha kwamba wadini anaosha wanaume kila siku, lakini Drusilla akajibu kwamba wale si baba wa mumewe, na kwamba akiingia kidonda kitapona ila Mzee hatainua tena macho katika boma lake mwenyewe. Tulikuwa tunampoteza baba, tuliogopa sana, na mimi nilimkasirikia, lakini hakuvuka ule mlango. Alimwita Nyasani, mjukuu wa Mzee, kinyozi hapa stendi, kwa kuwa mjukuu na babu hutaniana na hawana la kufichana, akatundika shuka mlangoni, akaketi upande huu, akamwelekeza kwa sauti namna ya kumgeuza Mzee, kumwosha na kufunga kidonda, huku Nyasani akimwuliza babu yake kama anataka kunyolewa denge ama panki, hata Mzee akacheka. Muuguzi wa kiume kutoka zahanati alikuja kila wiki kukikagua kidonda, na mwezi wa Septemba kikafunga.

Tangu hapo, katika kila nyumba, Drusilla aliuliza kwanza ni nani hapa anayemtania huyu mzee, akamfundisha huyo. Mhadhiri aliridhika, na Mei 2025 Drusilla akatetea tasnifu yake, akapita.

Mwezi uliofuata aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa Kisii na Eldoret, na kuanzia Agosti akaomba akae nyumbani, ambako nilimwosha mimi, tukitaniana mpaka aliposhindwa kusema. Alifariki alfajiri ya tarehe 7 Oktoba 2025. Inauma, jamani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuletea kuni na ndizi bila kuombwa, wanafunzi wenzake waliosafiri kutoka Nairobi, na kanisa.

Najua baadhi yenu mliinamisha vichwa mliposikia binti akitaja mwili wa baba yake mbele za watu. Kwa hiari yangu singethubutu. Jana Mzee aliniita, akatazama ukutani, akaniagiza niseme yote wazi, kwamba alikuwa akioza angali hai, kwamba mke wa mwanawe alimponya bila kumwona, na kwamba hakuwahi kumshukuru, kwa sababu chinsoni ilimfunga mdomo. Nimesema, baba.

Wifi yangu, umeshukuriwa, sasa pumzika kwa amani.