Inchi Nne za Breki

Naomba radhi kabla ya kosa: kisa hiki nitakiharibu. Aliyenisimulia alikuwa anacheka, mimi niliyesikiliza nilikuwa natafuna, na katikati yetu maneno kadhaa yalidondoka. Yaliyookotwa ni haya. Mbele ya duka la Fundi cherehani kuna benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja umeongezewa tofali. Kila asubuhi hukaliwa na walewale: Breki, dereva wa lori aliyepewa jina hilo kwa kuwa mdomo wake hauna, na kinyozi wa jirani, Profesa, ambaye hajawahi kukiri kuwa kuna jambo asilolijua. Mama Birika huwamiminia kahawa. Fundi mwenyewe huchangia kutoka mlangoni, mguu ukiwa kwenye pedali. Asubuhi hiyo Breki alifika akihema kama aliyelisukuma lori hadi pale, akatupa funguo juu ya benchi.

— Hizi nazirudisha kwa bosi leo. Safari zangu zimeisha.

— Umefukuzwa? Mama Birika akauliza.

— Nimeitwa. Na aliyeniita yuko juu.

— Kunywa kwanza, halafu ufe vizuri, Profesa akasema. Nini kimekupata?

— Nimetoka zahanati. Siku hizi nikipanda lori napumua kama pampu ya baiskeli. Nesi kanipandisha kwenye mizani, ati nimeongezeka kilo ishirini kwa miaka mitatu! Nikamwambia, dada, tazama suruali hii. Ni ileile, na inanikaa vilevile. Mtu atanenepaje kiuno kikibaki kilekile? Marehemu kaka yangu alianza hivihivi, kuhema, kuhema, tukamzika. Ati nirudi Alhamisi nipimwe presha na sukari. Sirudi! Wameuona ugonjwa, wananificha. Naenda nyumbani kulala, nisubiri.

Mguu wa Fundi ukaganda kwenye pedali. Suruali ile aliijua kuliko mwenyewe. Kila baada ya miezi kadhaa mke wa Breki aliileta, akisema kwa sauti kwamba zipu inasumbua, kisha akinong'ona: "Shemeji, mwongezee kidogo kiunoni. Asijue." Naye Fundi alimwongezea. Mara nne.

— Mizani haisemi uongo, Profesa akaanza. Na unene si chakula peke yake. Wewe unakaa saa kumi kwenye usukani.

— Na wewe unasimama saa kumi. Mbona tumbo lako linamfikia mteja kabla ya mkasi?

— Langu ni urithi. Babu alikuwa nalo, baba alikuwa nalo. Mimi nimepokea tu, kama mtoto mwenye adabu.

— Kuna na usingizi, Mama Birika akasema. Asiyelala vizuri anakula kutwa. Na dawa! Dada yangu aliandikiwa vidonge, mashavu yakajaa kama puto.

— Na mawazo, Profesa akadakia. Na mtikisiko wa injini.

— Mtikisiko? Mama Birika akauliza.

— Hujawahi kujaza gunia la unga? Ukilitikisa, unga unashuka, debe lingine linaingia. Dereva anatikiswa barabara nzima. Chakula kinajipanga, nafasi inabaki, anaongeza. Na tena nywele! Nywele zikikatwa, lishe yake itapanda kwenda wapi? Inarudi tumboni.

— Basi wewe kinyozi ndiye unayetunenepesha mtaa mzima! Mama Birika akasema.

— Malizeni pumzi zenu, Breki akasema akiokota funguo, zangu zimebaki chache. Sijanenepa! Shahidi wangu ni suruali.

Akainuka. Fundi akapima pande mbili. Akisema, amemchoma shemeji yake. Asiposema, rafiki yake anakwenda kujizika akiwa hai.

Ndipo akatokea mwanamke mgeni, sketi mkononi.

— Fundi, habari za kazi? Sketi ikiachiwa mshono ipanuke kiunoni, inaonekana?

Swali dogo tu. Fundi akaondoa mguu kwenye pedali.

— Inaonekana, mama. Kitambaa kilichojificha ndani ya mshono hakipigwi jua. Hakipauki. Alikuwa akimjibu mama, lakini macho yake yalikuwa kwa Breki. — Kaka, hebu geuka.

Profesa akainua shati la Breki kwa nyuma. Katikati ya suruali iliyopauka palipita mstari mweusi, kama lami mpya kwenye barabara kuukuu. Na katikati ya mstari, kipande chenye maua.

— Hili si pazia? Profesa akauliza.

— Ni pazia, Fundi akakiri. Shemeji alipoileta mara ya nne, kitambaa cha mshono kilikuwa kimeniishia.

Breki akageuka polepole.

— Wewe na mke wangu mna siri miaka mitatu?

— Siri ya inchi nne tu, kaka. Aliogopa utasusa chakula chake. Nikadhani nakufichia aibu. Nisamehe.

Breki akaipapasa ile lami, akayapapasa maua, kisha mabega yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka, huku anahema, huku machozi yanamtoka.

— Kwa hiyo mizani ni nzima! Kwa hiyo huyu anayenikaba ni mimi mwenyewe?

— Huenda, Mama Birika akasema. Marehemu kaka yako alihema akikonda, nakumbuka. Lakini Alhamisi uende. Presha haipimwi kwa suruali.

— Naenda! Hata leo wakitaka! Akazirudisha funguo mfukoni, akamkumbatia Fundi mpaka sindano za kifuani zikamchoma. Fundi alizipokea kwa furaha. Hakuwa amevuta pumzi kamili tangu Breki afike.

— Sasa katika sababu zote hizo, mama mgeni akauliza, iliyomnenepesha ni ipi?

Profesa akamnyooshea Mama Birika kikombe, akaomba kahawa nyingine.

— Na wewe Fundi, Breki akasema akijifuta macho, unayejua viuno vya watu wote, chako inchi ngapi?

Fundi akasimama, akaivuta suruali yake mbele, akaiachia. Paap!

— Sijui, kaka. Wewe ulidanganywa na watu wawili. Mimi nilitosha kujidanganya peke yangu: suruali zangu zote nimejishonea za mpira kiunoni.