Salamu za Jumatatu kwa Meneja

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, fundi majokofu aliyekosa kazi alikuwa anacheka na mke wa kaka yake mpaka kiti kinatikisika. “Kila Jumatatu namtumia meneja wangu wa zamani picha ya ua, asinisahau,” alisema. “Ua, shemeji? Unatafuta kazi au mchumba?” Mwanamke alijifuta machozi. “Muulize majokofu yake yanaendeleaje. Na akikupigia, asijue una shida. Jifanye una shughuli.”

Simu ikaita. Alikuwa meneja. Basi zima tuliinama mbele, maana tusidanganyane, wote tulikuwa tunasikiliza. “Shikamoo bosi,” fundi alisema, jasho linamtoka. “Samahani, niko kikaoni, nitakupigia.” Akakata.

“Kikao gani kina konda anayetaja vituo?” shemeji yake aliuliza. “Si umesema nijifanye nina shughuli?” “Nilisema ujifanye, sikusema ukate. Mpigie sasa hivi.” “Nikimpigia sasa hivi, si atajua nina shida?”

Walikuwa bado wananyang'anyana simu, hoi kwa kicheko, basi liliposimama kwenye kituo chao na kikao kikaahirishwa.